Safari ya Matadi Isiyosemwa Sababu

Nuru binti Ramazani
Kasongo, nyuma ya soko
Tarehe 21 Mei 2024

Kwa Yaya Régina, Kamina

Mupendwa yaya, mukubwa wangu,

Amani ya Mungu ikuwe nawe na nyumba yako yote. Unaamuka muzima? Magoti yako inaendelea namna gani na baridi ya huko? Shemeji, ile kikohozi ilimuachia? Na watoto wako, Alain wa Kananga na Esther-Divine wa Kinshasa, wote wako na nguvu? Jibu mutu kwa mutu, yaya. Usiandike tena "sisi wote tuko wazuri" kama barua ile ya mwisho, juu nilisoma mara tatu na sikujua ni nani muzuri na ni nani mugonjwa.

Sisi huku tunashukuru Mungu. Presha yangu ilishuka. Mvua inaisha, karanga tulivuna, na mupunga ulikauka vizuri mwaka huu. Mwana wangu Mahamudu anaendelea na duka lake. Ananuna, lakini iko muzima. Nitakuambia kwa nini ananuna.

Usicheke mwandiko wangu. Siku zote mujukuu ndiye anaandika na mimi nasema, lakini barua hii naandika na mukono wangu, na hii darasa ya nne yangu ya zamani. Leo ni asubuhi ya ine niko juu yake, mbele ya kufungua mulango. Iko jambo ndani ambalo mutu mwingine hawezi kuona. Ku simu haiwezekani. Rezo yetu ya simu inapatikana tu pale juu, mbele ya nyumba ya fundi wa baiskeli, na ukisimama pale watu kumi wanasimama nawe, na kila mutu anapiga kelele kama anaita mbuzi. Ndiyo maana naandika, nitafunga bahasha na bukari, ile ugali yetu, nitamupa Bulaimu muuza samaki. Anaenda Kongolo, atamutafuta mutu wa treni wa kukufikishia. Bulaimu hajui kusoma. Nilimuchagua kwa sababu hiyo.

Basi jambo ndilo hili. Mutoto wangu Aicha iko na mimba. Sasa umejua, funga kinywa.

Nilijua namna hii: alinipigia simu kutoka Matadi, tukasalimiana, kiisha akasema, "Mama, siku hizi siwezi harufu ya makayabu." Makayabu, yaya! Yule mutoto aliyekuwa analamba chumvi ya samaki ku vidole! Nikajibu tu, "Basi kula mboga." Wale waliokuwa pembeni yangu walisikia mambo ya samaki, basi. Niliteremuka pale nikihesabu na vidole ndani ya kitenge. Ni mwezi wa tatu sasa.

Wewe unajua, lakini acha niseme tena, juu nikiandika moyo unapumuzika. Hii ni mimba ya tatu. Ya kwanza ilitoka na miezi sita. Ya pili, mutoto alizaliwa, wakamupa jina ya marehemu bwana wangu, Atumani, na aliishi siku ine. Mara zote mbili mimi sikuwa pale. Zakaria bwana yake hana mama, mama yake alikufa zamani. Hakuna mutu wa kuchemusha mayi ya kuoga, hakuna wa kumukanda, hakuna wa kumuambia lala, mimi nitaamuka. Zakaria ni mutoto muzuri, nasikia anapandisha mayi mwenyewe ku ile mulima yao ya mawe, bidoni kwa bidoni. Lakini anashinda ku bandari. Mutoto wangu anabaki peke yake na kuta.

Mimba ya kwanza, ni mimi niliitangaza. Nilikuwa nauza mupunga, furaha ikanishinda, nikaambia soko yote, na mimba ilikuwa bado changa kabisa. Muuguzi mumoja wa hapa aliniambia kwamba maneno haiwezi kuangusha mimba, na namuamini. Lakini wewe unajua desturi yetu, mimba haisemwi mpaka inaonekana yenyewe, na mimi niliisema. Hiyo iko ndani yangu na haitoki. Mara hii hakuna mutu atasikia kwa kinywa changu isipokuwa wewe, na wewe nakuambia juu bila wewe sitafika.

Mimba ya pili, Mahamudu aliniambia, "Mama, kamata ndege ku Kindu, siku mbili uko Matadi." Nilimusikiliza. Nilikaa Kindu siku kumi na saba. Kila asubuhi nafika na valizi, kila asubuhi wanasema ndege ni kesho. Siku ya kumi na saba Zakaria akanipigia simu, na mimi nimekaa juu ya valizi pale inje. Akasema, "Mama, hauna tena sababu ya kukimbia." Nikaelewa. Nikarudi Kasongo na moto, ni kusema pikipiki, siku mbili ya vumbi.

Kwa hiyo ndege hapana. Nitaenda na kitu kinatembea chini. Kikisimama, nitashuka, nitatafuta kingine. Nataka niwe Matadi mbele ya mwezi wa saba wa mimba, ni kusema mwezi wa tisa wa mwaka. Nitatoka hapa kiisha Idi ya kuchinja. Nimeisha sema naenda, na naenda.

Sasa nikueleze juu ya simu ile ya juma iliyopita, juu najua ulibaki unajiuliza kama akili yangu iko salama. Nilikuita nikakuambia, "Yaya, sema kwa nguvu, sema jina yako," na ukanijibu kwa hasira, "Weee Nuru, unanipigia kelele ya nini? Niko na chungu ku moto!" Yaya, ulisaidia sana. Siku ile ulikuwa umekufa.

Ilikuwa hivi. Nilienda kuazima valizi kubwa kwa jirani yangu Mounira. Akauliza, "Unaenda wapi na umri huu?" Nikasema Kamina, kwa yaya yangu. "Kuna nini Kamina?" Na mimi, kwa kuogopa mimba isitoke ku kinywa, nikaangalia chini nikasema, "Ni mambo ya familia." Nikachukua valizi nikaenda. Siku ile pia nilikuwa nimetosha mikeka yote inje kuianika, na nilisugua ile sufuria kubwa. Unaona? Mutu wa miaka makumi sita, valizi, mikeka inje, sufuria kubwa, na macho chini. Hapa kwetu hiyo haiitaji kuelezwa.

Mbele ya saa sita wakaanza kuingia. Wa kwanza alifika amefunga kitenge ku kiuno, akajitupa pale ku mulango, "Yoo mama yee!" Wengine nyuma, na muchele, na sukari, na kuni juu ya kichwa. Wakakaa chini ku mikeka. Mimi nikashituka, nikauliza, "Nani alikufa?" Mounira akanikamata mabega, "Ndiyo, mama, uliza, lia, toa yote!" Nikasema hakuna mutu alikufa. Wakaangaliana. Mumoja akasema pole pole, "Masikini, bado haijamuingia." Na mwingine, "Musimubishie, mupatie mayi."

Walikulilia wewe, yaya. Walikulilia vizuri, sitakuficha. Walisema ulikuwa na mukono muzuri ku kupika sombe, na kwamba ulicheza ku harusi yangu mpaka ukapoteza kiatu. Mutu mumoja ambaye hajakuona hata siku moja alilia kupita wote. Mahamudu akafunga duka, akafika anakimbia, jasho tupu, "Mama, Mama Régina alikufa saa ngapi?" Na mimi nitajibu nini? Nikisema hajafa, watauliza basi unaenda kufanya nini. Nikanyamaza, na kadiri nanyamaza, wao wanalia.

Mwisho nikaona ni zambi, nikasimama, nikawapeleka wote mpaka kwa fundi wa baiskeli, wanawake kumi na ine na machozi yao, nikakuita. Waliposikia sauti yako na ile hasira ya chungu, wakaruka. Mounira akaanza kucheka mpaka akakaa chini ku barabara. Tulirudi, tukapika ule muchele, tukaula.

Lakini walipoisha kushiba, Mounira akafuta mikono akasema, "Basi, kama hakuna maiti, Kamina kuna nini?" Wote wakaniangalia. Akajijibu mwenyewe, "Aaah! Iko na bwana kule! Mujane wetu anaenda kuolewa na muzee wa treni!" Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Na mimi, yaya, nilikuwa na njia ya kukataa, lakini niliiacha. Nikafunga kitambaa changu vizuri, nikasema, "Mutasikia." Afadhali wanicheke mimi kuliko wahesabu miezi ya Aicha.

Ndiyo maana Mahamudu ananuna. Wanamutania ku musikiti, wanamuuliza kama baba mupya atamuletea mukate wa Kamina. Jana aliniambia, "Mama, unanifunika na haya." Iliniuma, juu yeye ni mutoto wangu pia. Lakini nikimuambia yeye atamuambia bibi yake, na bibi yake ana rafiki tatu. Nimemuambia tu, "Siku moja utaniomba samahani, na mimi nitakupa." Usimuambie, ata akikuita, ata akilia.

Nilienda pia Wamaza, kwa mama yako. Sikuweza kuanza njia ndefu namna hii bila baraka ya Mama Mukubwa. Nilikamata moto mpaka Kabambare, tukapishana na wale vijana wanaokimbilia Salamabila ku zahabu, wanne juu ya moto moja, Mungu awachunge. Kutoka pale moto nyingine, na kipande cha mwisho muguu, juu kilalo cha kuvuka muto kilienda na mvua.

Mama yako iko muzima. Macho inapunguka lakini ulimi bado. Alikuwa anatosha karanga ku maganda. Nikamusalimia, nikakaa, nikafungua kinywa, na yeye akanyanyua mukono: "Usiniambie kitu. Mimi sijauliza." Kiisha akaita watoto walete maganda ya muti, yale ya kuchemusha kwa kukanda, akayapima na mukono, akayafunga ndani ya jani. Akasema, "Hii ni ya kukanda mutu ambaye hatumujui. Ukimukanda, anza na kiuno. Mayi ikuwe na moto wa kuvumilia, usimuonee huruma." Nikasema, "Mama Mukubwa, ni ya mugongo wangu." Akacheka, "Ndiyo, mugongo wako ulianza kukataa makayabu?" Yaya, nani alimuambia? Wamaza hakuna ata rezo! Nimewaza mpaka nimechoka.

Akanywa mayi, akanitemea ku mikono na ku kifua, akataja wazee wote wa kwetu kwa majina, wa Kristo na wa Islamu pamoja, hakuacha mumoja. Kwako alisema: Régina alete kitenge, asilete picha ya kitenge ku simu.

Sasa sikiliza njia, na uniongoze pale napotea.

Kutoka hapa, moto mpaka mutoni, kuvuka na mutumbwi, mpaka Samba. Treni haina siku yake, kwa hiyo sitaingoja nyumbani. Nitaenda kulala pale gare, ku stesheni, juu ya mukeka wangu, mpaka ije, siku tatu au juma tatu. Wakisema kesho, mimi niko pale pale na kesho yao. Kutoka Samba ni Kongolo, Kabalo, Kabongo, kiisha kwako. Ku Kabalo wanasema watu wanashuka kungojea mashini nyingine ya kuvuta. Iko mutu unamujua pale? Ata mutu wa kanisa yako, niko tayari kulala ku kanisa. Mungu atanitambua.

Kwako nitapumuzika siku ngapi? Mimi naona tano. Usinikamate kwa mwezi muzima, yaya, najua moyo wako, utaanza kusema kaa kidogo tena. Niambie juu ya baridi. Itakuwa mwezi wa saba, na nasikia asubuhi inauma mpaka mifupa. Niazimie blanketi na sweta ya shemeji.

Kutoka Kamina mpaka Kananga, ni kwa Alain. Mwandikie mapema. Muulize jambo hili na anijibu kama mwalimu, si kama mutoto anayefurahisha mama: kutoka kwake nifuate treni mpaka Ilebo na batelo ku muto Kasai, au nipande kamyo ya Tshikapa na Kikwit? Batelo naipenda, mutu analala, anapika. Lakini mwezi wa nane mayi ya Kasai inapunguka, na nasikia batelo zinakaa ku muchanga juma nzima, watu wanashuka kusukuma. Mimi nisukume, sawa, lakini siku zangu ziko na hesabu. Kama kamyo inafika mbele, nipande kamyo, ata juu ya mifuko ya mahindi. Bibi ya Alain asisumbuke na chakula. Nyama tu ndiyo nitaangalia nani aliichinja. Mboga nakula, na ile nshima, bukari yao, nitajifunza. Nasikia kule wanasalimia mutu kwa kusema "moyo". Hiyo nimeipenda, nimeisha kujizoeza.

Kinshasa ndiyo naogopa. Nakubali, naogopa. Mwambie Esther-Divine anipokee pale nashuka, yeye mwenyewe, asitume mutu na picha yangu ku simu. Lingala sijui. Mayi wanasema mayi kama sisi, na mwana wanasema mwana, nadhani na hayo mawili naweza kuanza. Asinionyeshe muji. Nilale siku moja, nioge, anipandishe bisi ya Matadi. Zakaria atanisubiri chini ya ile mulima yao.

Muzigo wangu ni mudogo: muchele wa kwetu mufuko moja, mafuta ya ngazi, mawese, bidoni moja, maganda ya Mama Mukubwa, na vitenge vya zamani vinne, vile vilivyokuwa laini. Vipya sitaki. Kitu cha mutoto sinunui ata kimoja, ata soksi. Wakifungua valizi ku bariere ya askari wataona nguo za mujane muzee, na wataniacha.

Jambo moja la mwisho, na hili usome mara mbili.

Nikiwa njiani miezi yote hiyo, habari inaweza kunitangulia. Zakaria nimemuambia kwa mafumbo: neno lolote likitokea, awaite ninyi, wewe au Alain au Esther-Divine, asiniite mimi. Na ninyi musinipigie simu. Sitaki kuipokea tena nikiwa nimekaa juu ya valizi mbele ya watu. Mungoje nifike kwenu, nivue viatu, ninywe mayi. Kiisha museme, muzima muzima, bila kuzunguka.

Na ikiwa habari ni mbaya, yaya, musinigeuze. Hapo ndipo naomba sana. Mutataka kunionea huruma, mutasema rudi, njia ni ndefu, hakuna tena sababu ya kwenda. Mara ile nilirudi. Nilifikiri kwamba nilikuwa naenda juu ya mutoto, na mutoto hayuko, basi nirudi, na nikamuacha Aicha ku kitanda na maziwa ku matiti na hakuna mutu wa kumukanda. Mimi nilifika nyumbani, nikalala, na yeye alikuwa anachemusha mayi yake mwenyewe. Aliniambia hayo kiisha mwaka moja, akicheka, kama jambo dogo. Kwa hiyo mujue: kama mutoto yuko, nitawakanda wawili. Kama hayuko, nitamukanda mumoja. Njia ni ile ile, na siku ya kurudi sijaiweka.

Musalimie shemeji na kikohozi yake. Musalimie Alain na bibi yake, na Esther-Divine, umwambie sijasahau alivyoniita mama mudogo mbele ya kujua kutembea. Mahamudu anakusalimia bila kujua kwamba naandika. Mounira anafurahi kwamba unaishi. Mama Mukubwa anangojea kitenge.

Mungu akupe afya ya kunipokea, akulinde na nyumba yako, na yule wa Matadi amufunike mpaka wakati wake.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukupenda tangu tulale mukeka moja,

Nuru